Kukivua Kitu Jina Lake

Friza ya mama mdogo ilizimika Disemba 2009, pamoja na friza nyingine zote za Unguja. Umeme unaotoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari ulikatika, na haukurudi mpaka Machi 2010. Mimi nilikuwa na miaka 23, kijana wa Wete niliyekuja mjini kusomea ualimu wa fizikia, nikikaa kwa mama mdogo Jang'ombe, chumba cha uani. Kwetu Pemba walinicheka kwenye simu. Wakati ule kisiwa chetu kilikuwa bado hakijaunganishwa na Bara, kinajitegemea kwa majenereta yake, na kwa hivyo, jambo la nadra, Mpemba akawa na taa na mtu wa mjini anahangaika na kibatari. Simu yenyewe nilikuwa nikiichaji kwa pesa, kwenye duka lenye jenereta, na kila nikichekwa naona chaji yangu inakwenda bure.

Mama mdogo alikuwa akiuza barafu za ubuyu na za ukwaju, zile za kufunga kwenye vifuko vidogo. Siku ya kwanza ziliyeyuka, watoto wa mtaa wakazinywa bure. Samaki waliokuwamo wakakaangwa wote usiku ule ule, tukala mpaka tukachoka. Kisha friza ikabaki pale ukumbini, nyeupe, pana, mlango wake juu, haina kazi, na kila apitaye gizani anaigonga kwa goti.

Wiki ya pili nilirudi jioni na njaa yangu, nikakuta jiko la mkaa limeshazimwa, nyumba kimya. Nikauliza kama kuna chochote.

"Chakula kimo ndani ya friza," akasema.

Nikadhani ananifanyia mzaha, au dhiki imeanza kumpanda kichwani. Nikafunua. Ndani mlikuwa na mto wa zamani, blanketi, na katikati ya blanketi sufuria iliyofungwa kanga mbili. Nilipoondoa kifuniko, mvuke ulinipiga usoni. Wali ule ulipikwa saa saba mchana, na saa hizo magharibi ilikuwa imeshaswaliwa.

"Mkaa ghali," akasema mama mdogo, kana kwamba hilo latosha. Alipoona bado nimesimama na kifuniko mkononi, akaongeza: "Hii si ilikuwa ikizuia baridi isitoke? Basi nimeipa na moto iuzuie. Kwani yenyewe yajua ni kipi? Sanduku tu hili."

Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimefanya mtihani wa mada ya joto. Niliandika ukurasa mzima juu ya vitu vinavyopitisha joto na visivyopitisha. Nilichora chupa ya chai, kuta zake mbili, nikatia mshale na neno "ombwe" kwa herufi nzuri, nikapata alama zote. Na miezi yote ile nikaipita friza ile asubuhi na jioni nikiamini kuwa ni kitu cha baridi. Haikunipitia akilini kuwa friza ni vitu viwili vilivyotiwa pamoja: mtambo wa kulitoa joto nje, na sanduku la kulizuia lisirudi. Mtambo ulikufa. Sanduku lilikuwa zima kabisa.

Baada ya hapo mama mdogo hakusita tena. Kunde alizichemsha kidogo tu, akazitia frizani zimefungwa, na alasiri zimeiva zenyewe. Majirani wakaja kutazama. Mmoja alisema huo ni ushirikina, wiki iliyofuata akamuazima blanketi.

Nimekuwa nikiifikiria sufuria ile kwa miaka sasa, hasa kila tunapoitwa kwenye semina za walimu na kuambiwa tufundishe ubunifu. Semina ya mwisho niliyokwenda tulipewa karatasi kubwa na kalamu za rangi, tukaambiwa "tubuni", tukachora maua. Nilirudi nyumbani na swali lile lile: mama mdogo alifanya nini hasa, ambacho mimi mwenye alama zote sikukifanya?

Kwanza nijitetee kidogo, maana waliozidiwa si mimi peke yangu. Chupa ya chai niliyoichora kwenye mtihani ina kisa kinachofanana sana na cha friza yetu. Mwaka 1892 James Dewar, mwanasayansi Mskochi aliyekuwa akifanya kazi London, alihitaji chombo cha kuwekea gesi alizozipoza mpaka zikawa maji, zisichemke na kumpotea. Akaunda chupa ya kuta mbili, kati yake hamna hewa. Kwa Dewar ile ilikuwa chupa ya baridi, chombo cha maabara. Hakuichukulia hata hataza, ile haki ya kisheria ya mvumbuzi. Wajerumani ndio walioitazama kwa upande wa pili: kampuni ya Thermos ilianza mwaka 1904, ikaiuza kwa watu wanaotaka kinywaji chao kikae moto. Leo hakuna hitima wala arusi Zanzibar isiyo na chupa hizo zimejipanga mkekani na maua yake mekundu ubavuni. Mwenyewe aliyeiunda alipitwa na chai.

Jawabu langu la swali lile nimelipata kwa bibi yangu, aliyefariki zamani, mzaa mama, ambaye pia ndiye aliyemzaa mama mdogo.

Wete ya utotoni mwangu, baada ya isha, bibi alikuwa akikaa barazani miguu ameinyoosha na sisi wajukuu tumemzunguka. Mchezo aliujua mmoja.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu kubwa haina mlango."

Hilo yai, kila mtoto analijua. "Kuku wangu katagia miibani": nanasi. "Kamba yangu ndefu lakini haifungi kuni": njia. Halafu alikuwa na yale ya kututesa. "Mzungu katoka Ulaya, mkono kiunoni." Usiku wa kwanza tulitaja kila Mzungu tuliyewahi kumwona akishuka melini Mkoani. Usiku wa pili tukataja wanyama. Kikombe! Kikombe cha chai, sikio lake ndio ule mkono. Toka siku ile sijashika kikombe bila ya kumwona yule bwana amesimama kwa kiburi chake.

Ukishindwa kutegua, unatoa mji. Hapo ndipo bibi alipokuwa mkali. "Nipe mji!" Unampa Chake Chake. "Chake nishapewa jana." Unampa Mombasa. "Mombasa nimeichoka." Ukifika Maskati au Bombei ndipo anakubali, anakwenda zake mjini humo kwa maneno, anakula, anavaa, anatembea, halafu akirudi anakupa jawabu. Tulikuwa tunachelewa kulala kwa ajili ya safari zake, na bibi katika uhai wake hakuwahi kuvuka hata kwenda Tanga.

Sasa kitazame kitendawili kinavyofanya kazi. Kinachukua kitu unachokijua mno, kinakivua jina lake, kinakusimamishia mbele yako kikiwa uchi: nyumba, haina mlango. Au: kamba, ndefu, haifungi kuni. Kisha kinakwambia haya, nani huyu? Kukitegua lazima upite vitu vyote vya nyumbani kimoja kimoja na ukiulize kila kimoja una umbo gani, wafanya nini, si unaitwa nani. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mama mdogo na friza. Sanduku, kubwa, halipitishi. Akaitegua.

Nilipomweleza nadharia yangu hii alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi nataka kupunguza mkaa, wewe waniletea marehemu mama." Basi. Nadharia ni yangu, yeye hahusiki.

Kiswahili chetu, nikiri, hakijaliamini sana jambo hili la ubunifu. Angalia maneno tuliyonayo. Kubuni ni kuunda kitu kipya, lakini "habari ya kubuni" ni uongo. Kuzua ni hivyo hivyo, kiasi cha kuwa mzushi ni tusi. Mtu anayewaza sana tunamwambia ana mawazo, tukimaanisha ana shida. Neno ninalolipenda mimi ni kugundua. Kamusi za zamani zinalieleza kwa maana ya kumkuta mtu ghafla, kumfuma hajijui. Yaani kitu kilikuwapo pale siku zote, kimekaa zake, kinadhani hakionekani, nawe ukatokea kwa upande ambao hakukutarajia.

Kuna mwanasaikolojia wa Kijerumani, Karl Duncker, aliyelifanyia majaribio tatizo la kuzibwa macho na matumizi ya kitu. Kazi yake ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1945, yeye akiwa ameshafariki. Aliwapa watu mshumaa, kibiriti na kijisanduku kilichojaa misumari midogo ya kubandikia karatasi, akawaambia wausimamishe mshumaa ukutani. Jawabu ni kukimwaga kijisanduku, kukipigilia ukutani, na kuusimamisha mshumaa ndani yake. Wengi walikwama, kwa sababu kijisanduku chenye misumari kilikuwa kwao chombo cha misumari. Kilipoletwa kitupu, misumari kando, wakafanikiwa zaidi. Kitu ni kile kile.

Nimelijaribu darasani kwangu, Kidato cha Pili. Mmoja alitaka kuuyeyusha mshumaa na kuugandisha ukutani kwa nta yake, wazo zuri lakini halishiki. Mwengine alinyoosha mkono, akasema: "Maalim, mdogo wangu atausimamia." Sina hakika kama huyo nilimpa alama au sikumpa.

Yule niliyemwona akiyafanya haya kwa utulivu kuliko wote ni ami yangu, fundi wa mashua. Hana karatasi, hana mchoro, na ukimuuliza mashua itakuwa na urefu gani anakutajia dhiraa bila ya kufumba jicho. Watu wa semina wakija kumtazama hushangaa kuwa anaunda bila ya ramani, na huo ndio mshangao wa kawaida, kila mgeni anao. Mimi kinachonishangaza ni safari zake za kutafuta miti. Mataruma ya mashua, zile mbavu za ndani, ukiyachonga kwa ubao ulionyooka unaukata mshikamano wa mti, na bahari itakuja kukudai. Kwa hivyo fundi anatafuta tawi lililopinda lenyewe tangu kuota. Nimefuatana naye Wete mpaka mashamba ya Kinyasini. Tunapita nyumba za watu, tunasalimia, tunakaribishwa, na wakati mwenye nyumba anatuelezea habari za mavuno, ami macho yake yako juu ya mwembe. Anaona taruma pale, na pale, na kwenye ile panda ya chini anaona fashini ya mbele. Mwenye nyumba anaona kivuli na maembe. Wote wawili wanatazama mti mmoja.

Siku moja alimlipia mtu tawi, akamwambia aliache liendelee kukua, atalifuata baada ya miaka miwili. Mashua yake tayari imo ndani ya mti wa mtu mwengine, na huyo mtu analala chini yake mchana.

Sitaki niseme kuwa jicho hili ni la wazee na mafundi tu. Nina mfano wa mtoto wa skuli, na kila mwalimu wa fizikia Tanzania anapaswa kulala nao.

Nilipokuwa mdogo nilisikia kuna jambo katika sayansi ya dunia linaloitwa kwa jina la Mpemba, nikavimba kichwa mwaka mzima. Baadaye nikajua kuwa Erasto Mpemba alikuwa mtu wa Bara na jina lake halihusiani na kisiwa chetu. Nimeshasamehe. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingia frizani. Nafasi ilikuwa ndogo na wanafunzi wengi. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliyatia yake yangali moto. Alipokwenda kutazama, yake yameganda na ya mwenzake aliyetia maziwa ambayo hayakuchemshwa bado. Alimuuliza mwalimu, akajibiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye wauzaji wa aiskrimu wa Tanga wakamwambia wao siku zote hutia ya moto, inaganda upesi. Akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu mwengine akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Ikawa masihara ya darasa, ukikosea hesabu ni hesabu ya Mpemba.

Akaja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wenzake wanaocheka akauliza lile lile. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kupima. Fundi wa maabara yake alipima, akaja kuripoti kuwa maji ya moto yameganda mwanzo kweli, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jawabu sahihi. Nikiwasomea wanafunzi hapo huwa nasimama, tucheke wote, maana sote tumeshakuwa yule fundi. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha makala pamoja.

Nami nilipima. Mama yangu mzazi ana friza yake Wete, na kumpata akubali nitie maji ya moto ndani yake ilikuwa kazi kuliko jaribio lenyewe. Vikombe viwili sawa, maji sawa, kimoja cha moto kimoja cha bomba, vyote juu ya theluji iliyojitandaza ndani. Mara mbili cha moto kilitangulia. Mara moja cha baridi. Mara moja mama aliifungua kutoa samaki na hesabu ikaharibika. Ndipo nikaona kitu: kikombe cha moto kilikuwa kimeyeyusha theluji chini yake, kimejichimbia, kimekalia bati lenyewe. Nikaweka kibao chini ya vyote viwili. Cha baridi kikashinda. Je, nimemshinda Mpemba kwa kibao? Hapana. Nimegundua friza ya mama yangu ina theluji nyingi. Wakubwa nao hawajakubaliana. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima upya, wakasema ushahidi wautafutao hawauoni, na wengine wakaendelea kubisha. Kwangu jambo si nani mshindi. Mpemba alikuwa na maziwa ya moto mbele yake na kila mtu anajua maziwa ya moto ni kitu kilicho mbali na barafu. Jina lilishatoa hukumu. Yeye akatazama kikombe.

Einstein nitampitia haraka kwa sababu kila anayeandika juu ya fikra humvuta. Mwaka 1907, akiwa karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, aliwaza mtu anayeanguka kutoka juu ya paa, akaona kuwa katika kuanguka kwake hausikii uzito wake. Kwetu paa si kitu. Mimi hutumia mchumaji karafuu: tawi limevunjika, mtu anashuka na pakacha lake ubavuni. Kwa sisi wa chini vyote vinaanguka. Kwa yeye, kama angepata kulitazama, pakacha limesimama tu hewani pale pembeni yake, haliendi popote. Wanafunzi wa Pemba wanamjua aliyeanguka, si jambo la hadithi kwao, na mmoja aliniambia kwa heshima zote: "Maalim, anayeanguka hana nafasi ya kutazama pakacha." Ni kweli. Ndiyo maana Einstein alimwangusha mtu wa kufikirika.

Lakini nimeishi pia mwaka ambao fikra ilitutia matatani. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka 9 na Popobawa, jini lililosemwa huwavamia watu usiku, aliingia Pemba, halafu Unguja. Wasioijua habari hii wamuulize mzazi wao, mimi sitaisimulia yote. Tulilala nje, kaya tatu nne pamoja, moto unawaka, watu wazima wanasoma. Popo akipita juu ya mfenesi ni yeye. Mlango ukilia, yeye. Mtu akiota ndoto mbaya, yeye. Unguja watu walimuua mgonjwa wa akili wakiamini ndiye. Nikikumbuka naona ule ulikuwa mchezo wa bibi uliogeuzwa juu chini: bibi alitupa maumbo bila ya jina tukatafute, na mwaka ule tulipewa jina bila ya umbo, kila tulichokikuta tukakibandika. Hakuna aliyeweza kusema hapana, ule ni mlango tu. Kibao cha kuweka chini ya vikombe hakikuwapo.

Nirudi kwenye bahari, ambako sasa hivi kuna kitendawili kisichokwisha. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wa wakulima ni wanawake. Maji yakikupwa unaingia, unasimika mambo, yaani vigingi, unafunga kamba, unaning'iniza vipande vya mwani. Kuna aina mbili: spinosamu, ngumu na rahisi, na kotonii, inayolipa zaidi. Maji ya kina kifupi yamezidi kupata joto na kotonii ikawa inaugua na kufa. Mtu angesema basi, mwani huu umekataa. Dk. Flower Msuya, mtaalamu wa mwani aliyefanya kazi na wakulima hao miaka mingi, alikwenda kwa njia ya kuuhamishia maji marefu yaliyo baridi zaidi, ndani ya nyavu zilizofungwa kama mfuko mrefu, ili mawimbi yasiukate. Wavu ni kitu cha kutolea kitu baharini, hapa ukawa wa kukizuia kisitoke. Nadhani mama mdogo angeuelewa bila ya maelezo.

Kisha likaja swali jengine, kwamba shamba la maji marefu linataka chombo na linataka kuogelea, na wanawake wengi wa pwani zetu hawakufundishwa kuogelea. Kitendawili kimoja kikiteguliwa kinategwa chengine. Na hao wanaosimama majini hadi kifuani, wengi wao hawajui kuwa karajinani inayotolewa kwenye mwani ndiyo inayotiwa kwenye aiskrimu za ng'ambo ili iwe laini. Mpemba wa Magamba angependa kulijua hilo.

Sasa deni langu. Mwaka 2014, Kidato cha Tatu, nafundisha mwanga, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Maalim, kivuli kina uzito?" Darasa likaangua kicheko. Nami, niliyekula wali moto kutoka friza, niliyesimulia habari za Mpemba mara kumi, nikamwambia akae chini asitupotezee wakati.

Miaka imepita ndipo nikasoma vizuri habari za Maxwell, mwanafizikia aliyesema kwa hesabu kuwa mwanga unasukuma unapopiga, na za Lebedev, Mrusi aliyekuja kuupima msukumo huo mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hivyo ardhi iliyo juani inasukumwa na jua, kidogo mno: kwa mita moja ya mraba haufiki uzito wa nusu miligramu, punje ya mchanga. Na penye kivuli msukumo huo haupo. Ukisimama juani, kivuli chako ni mahali palipopunguziwa mzigo.

Mwezi uliopita nilimtafuta. Anauza vifaa vya simu Darajani. Nilimpigia, tukaulizana hali za wazee, nikamwambia nina jawabu lake.

"Jawabu la nini, Maalim?"

"Uliniuliza kama kivuli kina uzito."

"Mimi?" Akacheka. Nyuma yake zinasikika honi na mtu anauliza bei ya kava. "Sikumbuki hata kidogo. Haya, kina uzito?"

"Nipe mji," nikamwambia.

Kimya kidogo.

"Nakupa Chake."

"Chake ndogo. Swali la miaka yote hiyo."

"Basi nakupa Unguja nzima na Darajani yake, lakini sema upesi, Maalim, mteja kanisimamia."